Bokoboko Ndani ya Asidi Kali

Jumapili, 9 Machi 2025

Shajara mpya. Ile ya zamani nimeitupa, ilijaa mipango iliyokwama. Hii itajaa ushindi.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma: mimi ni Loay, fundi wa maabara, Khuwair ya Kusini. Tunapima vyakula. Watu wanaleta maziwa ya unga, kuku wa barafu, chakula cha samaki, nasi tunawaambia vina protini kiasi gani. Kazi ya heshima. Mke haijanipatia.

Mke ninayemtaka ni Balqis wa mtaa wa Darsait, mfamasia. Wazee wangu walipeleka posa tangu Shaabani. Mama yake, Bi Nasriya, ni shoga wa mama tangu utoto wao Mkunazini, Unguja, kabla hawajahamia huku, akasema atatoa jibu kabla ya Idi. Leo Ramadhani tisa. Kimya! Baba yake Balqis ameshatangulia mbele ya haki. Mjomba yuko Sohar na amesema neno la dada yake ndilo neno. Kwa hiyo njia zote zinapita jikoni kwa Bi Nasriya.

Halafu kuna Fahd. Mtoto wa Bi Ghaliya, nyumba ya ng'ambo ya barabara kutoka kwao Balqis. Anafanya kazi wizarani. Gari jeupe, linaoshwa kila siku, hata likiwa safi. Jana wakati wa futari kwa Bi Nasriya alikuja na katoni ya tende, akakaa pembeni na Bi Nasriya, wakawa wananong'ona. Niliponyoosha shingo wakanyamaza. Kijana mwema, kila mtu anasema. Mimi simpendi.

Lakini jana hiyo hiyo mlango ulifunguka. Bi Nasriya alikuwa analalamika. Bi Ghaliya amewaambia wanawake kwenye simu kwamba bokoboko la Bi Nasriya ni ngano iliyopitiwa na kivuli cha nyama. Hawa wawili ni majirani wa miaka na miaka, mmoja akiumwa mwenzake halali, na kila Ramadhani wanagombana kuhusu bokoboko. Nani ana nyama nyingi, nani anajaziliza ngano. Hajapata kushinda mtu. Nikakohoa. Nikasema nyama ni protini, na protini inapimika.

Bi Nasriya akaweka kikombe chini. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu posa.

"Inapimika?"

Nikamwambia inapimika, mama, kwa namba kabisa. Akaniongezea sambusa kwa mkono wake mwenyewe. Fahd hakuongezewa.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango umekamilika. Napata bokoboko la Bi Nasriya na la Bi Ghaliya, nayapima, nathibitisha kwamba la Bi Nasriya lina protini zaidi, naandika cheti, nakisoma mbele ya wote. Bi Nasriya anapata ushindi. Bi Ghaliya anapata aibu, na Fahd kama mwanawe anapata fungu lake. Mimi napata Balqis. Sioni tundu lolote.

Nimemwandikia Balqis kumweleza. Akacheka kwa herufi nyingi. Kisha akaandika kwamba mama yake hataki namba, anataka mtu wa kukaa naye, kula sahani mbili na kusifu. Nikamwandikia kuwa kula na kusifu hata Fahd anaweza. Akajibu: "Loay, umekuja kuposa, hukuja kupima."

Hajui sayansi ya mambo haya. Ni mfamasia, lakini wa dirishani.

Kazini nimemgusia Truphena. Truphena ni mkuu wetu, Mkenya, mwanamke mrefu asiyecheka kabla ya saa sita. Hafungi lakini anakunywa chai yake stoo ili asitutamanishe, na kwa hilo namheshimu. Kwa mengine ni msumbufu. Kila ukimwonyesha jibu anauliza umepima mara ngapi. Nimemwambia ni utafiti wangu binafsi wa vyakula vya asili. Akasema sawa, nitumie muda wangu, nisiguse sampuli za wateja, na nikumbuke kupima maji matupu kwanza. Daima ni hayo maji matupu! Nani ana haja ya kujua protini ya maji?

Jumatano, 12 Machi

Sampuli ninazo!

Nilifika Darsait karibu na Magharibi, wakati ule mtaa mzima unabeba sahani. Huko kwao ni lazima: unampelekea jirani futari, na jirani harudishi chombo chako kitupu, ni aibu, anakutilia chake. Basi vyombo vinazunguka kutoka nyumba hadi nyumba mpaka vinachubuka rangi. Mtu mzima anavuka barabara na bakuli la uji wakati adhana inamkimbiza. Mila nzuri, lakini hazina utaratibu.

Nikajipenyeza jikoni kumsalimia Bi Nasriya. Hayumo, yuko ndani anavaa. Na mezani, subhanallah, mabakuli mawili yamefunikwa kwa karatasi ya fedha, yote bokoboko! Moja jeupe la maua mekundu, la Bi Nasriya. Nalijua, ni seti yake ya arusi, hata mama anaionea wivu. La pili la kioo cha kijani, la Bi Ghaliya, na hilo pia linajulikana mtaa mzima. Yote ya moto. Kama vile nimeandaliwa.

Nikatoa vichupa viwili na kijiko. Nikachota haraka. Cha maua nikakiandika Nasriya, cha kijani nikakiandika Ghaliya. Nikavitia mfukoni mwa dishdasha, kanzu yangu, pamoja na moto wake. Papo hapo Bi Nasriya akaingia na kuniuliza kwa nini nachezacheza. Nikamwambia ni furaha ya Ramadhani. Akasema vizuri, basi niache furaha nichukue lile bakuli la kijani nimpelekee Bi Ghaliya kabla ya adhana.

Mimi tena! Msomi mzima nimefanywa mbeba bakuli. Nikavuka barabara, paja linaungua, nikamkabidhi Bi Ghaliya mkononi. Akanishukuru na kuniombea mke mwema. Nikajisemea moyoni: subiri, bibi, subiri uone.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya kidogo.

Nilianza na njia ya rangi. Ni njia ya haraka na ya kupendeza. Una dawa ya kahawia, unaitia tone la chakula kilichoyeyushwa, protini ikiwemo dawa inageuka buluu. Kadiri buluu inavyokoza ndivyo protini inavyozidi. Kisha mashine inasoma ukali wa rangi na kukupa namba. Hata mtoto anaweza.

Tatizo la kwanza: bokoboko haliyeyuki. Samli inaelea juu, ngano inakaa chini, katikati maji ya vumbi. Nikachuja. Nikachuja tena. Harufu ya vitunguu na samli ikaenea maabara nzima, saa tano asubuhi, watu wote wamefunga. Wenzangu wakanitazama kwa macho ya mauaji.

Tatizo la pili: kila kitu kiligeuka buluu. Neli ya kioo ya Nasriya buluu, ya Ghaliya buluu. Buluu ileile, kama bahari mbili. Truphena akaja nyuma yangu, akachukua neli tupu kwenye rafu yangu, akatia maji ya bomba na dawa. Buluu! Maji ya bomba yana nyama? Akanusa neli. Akaniuliza niliosha na nini. Nikamwambia sabuni ya vyombo, tena nyingi, kwa usafi. Akauliza nilisuuza mara ngapi. Sikukumbuka kusuuza.

Kumbe sabuni nayo inaigeuza dawa ile. Truphena akasema ndiyo maana mtu anapima maji matupu kwanza. Akasema pia njia ya rangi inataka vimiminika safi, kwa chakula kizito kama hiki nichemshe kwa asidi kama tunavyowafanyia wateja. Alisema kwa upole, na huo ndio ulioniuma.

Vidole vyangu vyote buluu. Mkono wa dishdasha buluu. Mama aliponiona wakati wa futari akanisomea Ayatul Kursi.

Jumapili, 16 Machi

Leo asidi.

Njia ya kale, ya Kjeldahl, Mzungu mmoja wa zamani mwenye subira. Unachukua chakula, unakichemsha ndani ya asidi kali kwa saa nyingi, mpaka nyama, ngano, samli na ubishi wote vinapotea na kubaki maji yanayoangaza. Kinachosalia mle ni naitrojeni iliyokuwa kwenye protini. Unaigeuza amonia, unaikamata, unaipima tone kwa tone. Ukishajua naitrojeni, unazidisha, unapata protini. Haidanganyiki, wanasema.

Nimeviingiza vichupa vyangu kwenye foleni, katikati ya chakula cha samaki na maziwa ya unga. Bokoboko la Darsait likatokota kwenye asidi, moshi mweupe ukipanda dirishani. Niliwaza bibi zetu wakiona wangeniapiza. Ngano imesongwa kwa mwiko mchana kutwa, nimekuja kuiyeyusha kama maiti ya mtu aliyeuawa.

Nikiwa nimesimama pale, wazo likanijia. Liliingia lenyewe, sikuliita.

Njia hii inahesabu naitrojeni. Haiulizi imetoka wapi. Iwe ya mbuzi, iwe ya mbolea, kwake ni mamoja. Na kwenye kabati kuna chumvi ya amonia, nyeupe, tunayotumia kujaribia mitambo. Imejaa naitrojeni tele.

Simtuhumu Bi Nasriya. Namwamini. Lakini je, kama kwa bahati mbaya siku ile mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye nyama? Ndoa yangu itegemee mkono mmoja wa siku moja? Ni hifadhi tu. Ni bima. Watu wanakatia bima magari, mimi naikatia posa.

Nikatia kidogo kwenye cha Nasriya. Ncha ya kijiko. Kisha ncha nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ilionekana ndogo.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi! Nasriya: thelathini na nane kwa mia protini. Ghaliya: tisa!

Nimempelekea Truphena aweke sahihi. Akatazama karatasi muda mrefu. Akaniuliza nimerudia mara ngapi. Nikasema mara moja, sampuli imekwisha. Akasema kipimo cha mara moja ni udaku tu. Kisha akaweka kidole kwenye namba ya Nasriya.

"Loay, hii kitu imeshinda nyama yenyewe. Ulitia nini?"

Nikamwambia samli. Akasema samli haina protini. Nikasema upendo. Hakucheka, ingawa saa sita ilikuwa imeshapita. Akanirudishia karatasi na kusema jina la maabara lisionekane popote juu yake.

Haidhuru. Nimeandika cheti mwenyewe nyumbani. Pembeni maua ya dhahabu, juu bismillahi, katikati namba mbili kwa herufi kubwa. Nimenunua fremu sokoni Ruwi. Nimeitazama mpaka macho yakaloa.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bi Nasriya aliandaa futari kubwa. Niliomba Bi Ghaliya na Fahd waalikwe, nikamleta na mama. Balqis alikuwa mlangoni mwa jikoni na birika la kahawa, ananitolea macho ya onyo. Niliyadhania ya mapenzi.

Baada ya sala nikasimama. Nikaeleza kwa ufupi asidi, amonia, na jinsi njia hii isivyojua upendeleo. Nikafunua fremu. Nikasoma: bokoboko la Bi Nasriya, thelathini na nane, la Bi Ghaliya, tisa.

Bi Nasriya alipiga vigelegele mpaka vikombe vikatikisika. Mama akalia. Fahd alipiga makofi, masikini, anapigia makofi aibu ya mama yake. Nilikaribia kumhurumia.

Bi Ghaliya hakubadilika uso. Alimaliza tende yake, akafuta vidole, akaniuliza kwa sauti ya chini: bokoboko la kupima nilichukua siku gani? Nikasema Jumatano ile. Akauliza nilichukua wapi. Nikasema humu humu jikoni, kutoka kwenye mabakuli yao wenyewe, hakuna udanganyifu: la Bi Nasriya kwenye bakuli la maua, la Bi Ghaliya kwenye bakuli la kijani.

Hapo Bi Nasriya, aliyekuwa anaanza tena vigelegele, alivikata katikati.

Bi Ghaliya akageuza shingo polepole. "Jumatano si ndiyo siku nlokurudishia bakuli lako la maua, shoga? Nkalitia nini?"

Bi Nasriya akaniangalia mimi. Ilibidi Bi Ghaliya ajijibu mwenyewe: alilitia bokoboko lake. Na lile la kijani, chombo chake, lilikuwa linangoja kurudishwa kwake, limejazwa bokoboko la Bi Nasriya.

"Na wewe ndo ulonletea, mwanangu. Kwa mkono wako."

Nilisimama na fremu. Nilikumbuka paja langu linavyoungua. Thelathini na nane ni la Bi Ghaliya. Tisa ni la Bi Nasriya. Na ile chumvi, zile ncha mbili za kijiko, nilimtilia Bi Ghaliya!

Vigelegele vya Bi Ghaliya vilisikika mpaka Mutrah, naapa. Aliichukua fremu mikononi mwangu, akaikumbatia, akaondoka nayo. Bi Nasriya akaingia ndani bila kuniaga. Sambusa zilibaki sahanini na hakuna aliyeniongezea.

Jumamosi, 22 Machi

Picha ya cheti iko kwenye simu za watu wote. Bi Ghaliya kaituma kwenye kundi la ukoo. Jamaa wa Unguja wamempongeza. Shangazi yangu wa Mombasa, hatujazungumza tangu msiba wa bibi, kanipigia kuuliza kama naweza kupima na biriani.

Nimelala siku nzima. Nimepima hali yangu. Nikikaa kimya, Bi Nasriya amefedheheka rasmi, kwa sayansi, na mimi ndiye niliyemfedhehesha. Posa imekufa. Nikisema kweli, namba ile inafutika, lakini mimi ni mlaghai. Posa imekufa pia. Mitego miwili, panya mmoja.

Alasiri Balqis akapiga simu. Hakusalimu. Akasema ameitazama ile namba vizuri, na nyama tupu ya ng'ombe, bila hata punje ya ngano, haifiki hapo. Akaniuliza nilitia nini.

Kwa nini kila mwanamke ninayemjua anasoma namba?

Nikamwambia. Yote. Chumvi, kabati, ncha ya kwanza na ya pili. Nilijaribu kumweleza kuhusu bima. Kisha nikapendekeza tuseme mashine iliharibika, au kwamba Truphena alichanganya vichupa. Akanikata hapo hapo. Nisimtaje Truphena, alisema, mwanamke wa watu hakunikosea. Niende mwenyewe kwa mama yake nikamwambie, kesho, kabla yeye Balqis hajamwambia.

Nikamuuliza kama bado ananitaka. Akasema hilo nilipaswa kuuliza kabla ya kununua fremu.

Iliniuma sana. Hapa naandika bila mzaha: nampenda, na ninaogopa.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda.

Bi Nasriya alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa mgongo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama karibu na mlango, ili njia ya kukimbilia iwe wazi. Nilitegemea hasira juu ya udanganyifu wangu. Nilikuwa nimeiandalia majibu, hata aya moja.

Akazima jiko. Akageuka.

"Kwa hivyo ulionja bokoboko langu, ukaona peke yake haliwezi kushinda."

Nikakamata kitasa cha mlango.

Akaketi. Alisema mambo yaliyobaki taratibu, na ningependa angepiga kelele. Alisema Bi Ghaliya amemcheka mchana kweupe na hilo atalisahau, wamechekana maisha yote. Lakini mimi nilikaa mezani kwake, nikala, nikasifu, kisha nikaenda kumtilia chumvi kwa siri kama mtu anayemsaidia kiwete. Alisema jibu la posa alikuwa ameshaliamua tangu kumi la kwanza la Ramadhani. Alimtuma Fahd aniulizie, kazini kwangu na msikitini kwetu, kama watu wanavyomuulizia kijana kabla ya kumpa binti. Fahd akarudi na sifa tupu. Ndiyo yale manong'ono. Fahd mwenyewe ana mchumba Nizwa tangu mwaka jana. Mtaa mzima unajua. Mimi nilikuwa nimeshughulika na gari lake.

Nikamuuliza, na sasa je? Akasema sasa analifikiria upya. Kwanza nivuke barabara nikamwambie na mwenye fremu.

Bi Ghaliya alinisikiliza mpaka mwisho. Fremu ilikuwa ukutani, mahali pazuri kuliko saa. Nikamwomba radhi na kumwambia namba ile si ya kweli. Akasema anajua, amesonga bokoboko tangu hajabaleghe, hakuna bokoboko la thelathini na nane duniani. Na je, ataishusha? Akasema haishuki. Kisha akajifunga kanga yake, akanishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni, tukavuka pamoja. Akamwambia Bi Nasriya kwamba nimekosa, lakini nimekosa kwa ajili ya ugomvi wao wenyewe, na mtoto asiachwe peke yake na kosa la watu wazima.

Wakaniambia nitoke nje. Nilisikia wakinong'ona, kisha wakicheka, kisha wakigombana kidogo juu ya nyama. Hukumu ikatoka: chungu cha bokoboko cha Idi nitakisonga mimi, mwanzo mpaka mwisho, mbele yao wote wawili. Baada ya hapo ndipo Bi Nasriya atasema.

Jumapili, 30 Machi

Mikono hainyanyuki. Naandika kwa tabu.

Chungu kimoja cha nyumba mbili, uani kwa Bi Nasriya, mwiko mrefu kuliko mimi. Ngano na nyama vinakuwa vizito kama saruji. Wazee wawili wamekaa kwenye viti, wananiamrisha. Mmoja anasema songa kulia, mwenzake kushoto. Mmoja anasema nyama imetosha, mwenzake anaongeza, wa kwanza naye hakubali kushindwa, anaongeza pia. Jasho, moshi, na saumu juu yake. Fahd alinipokea mwiko nilipotaka kuanguka. Kweli ni kijana mwema. Nimemsamehe gari.

Truphena alialikwa na Balqis. Walijuana lini? Kaja na matunda, kakaa baina ya wazee kama waziri. Bi Nasriya akamuuliza waziwazi mimi ni mtu wa namna gani kazini. Moyo wangu ulisimama, mwiko pia. Truphena alifikiri kama anavyofikiria kila jibu.

"Mikono yake iko sawa, mama. Shida ni haraka. Hapendi kurudia kitu."

Bi Nasriya akaniambia nirudie kusonga.

Ilipokaribia Magharibi, nyuzi za nyama zikawa hazionekani tena kwenye ngano, kitu kimoja, laini. Bi Nasriya alisimama juu ya chungu, akatazama muda. Kisha akasema nimwambie mama aje siku ya pili ya Idi, aje na baba, waje wamalize mambo. Alisema kama mtu anayeagiza mkate. Sharti lake ni moja: vile vichupa vyangu visikanyage tena jikoni kwake.

Nikaweka mkono kifuani, nikaapa. Nililia. Nikasema ni vitunguu. Balqis, kutoka mlangoni, akasema vitunguu havijakatwa bado.

Jumatatu, 31 Machi

Idi! Na mimi ni mchumba wa mtu!

Asubuhi sala, kisha Darsait. Dishdasha mpya, kilemba cha zambarau, udi mpaka macho yanawasha. Bokoboko langu likaliwa, likasifiwa na nyumba zote mbili, na hakuna aliyetaja namba. Balqis alinipakulia mwenyewe. Nilikaa pale nimeshiba nimetulia, nikajiambia: Loay, umekua. Umepata somo. Ukweli unatosha, chakula ni cha kuliwa, na watu hawapimwi.

Mchana mezani kulikuwa na pilau. Bi Ghaliya alikuwa ameshasema asubuhi kwamba pilau lake la Idi ni la mbuzi wa mlimani, wa Jabal Akhdar, aliyeletwa mzima mzima na jamaa zake. Alipotoka, nilimsikia Bi Nasriya anamwambia mama kwamba mbuzi gani huyo, ni kondoo wa barafu kutoka ng'ambo, pua yake haimdanganyi.

Nilinyamaza. Nilinyamaza muda mrefu kweli, mtu yeyote aliyekuwepo atanishuhudia.

Lakini kuna njia nyingine. Ya kingamwili, wale askari wa damu. Unazipata zilizofundishwa kuitambua protini ya mbuzi peke yake, zinaing'ang'ania hata baada ya kupikwa, na rangi inatokea. Akiwa kondoo, hakuna rangi. Hii haihesabu naitrojeni, haidanganywi na chumvi, haina uhusiano wowote na yale yaliyopita. Ni jambo jipya kabisa. Na fikiria furaha ya mama mkwe, siku ya kumaliza mambo, akiletewa jibu!

Kichupa nilikuwa nacho mfukoni kwa bahati. Si jikoni, nilikula kiapo cha jikoni. Meza ilikuwa ukumbini. Mabakuli mawili ya pilau, la maua na la kijani. Safari hii sikufanya haraka. Nilisimama, nikayatazama yote mawili, nikakumbuka makosa yangu ya mwanzo. Nikataka ushahidi.

Na ushahidi ukaja wenyewe. Bi Nasriya akaniita kutoka jikoni, akasema nisilile lile la kijani, ni la Bi Ghaliya, anataka kumrudishia sasa hivi.

La Bi Ghaliya. Kwa kinywa cha Bi Nasriya mwenyewe! Nikachota kutoka la kijani, nikafunga kifuniko, nikaandika juu yake: Ghaliya.